Kisu cha Ami na Nyika ya Meru

Mtu wa pwani akitajiwa windo, fikira zake huelekea baharini: nyavu, mishipi, madema na mitumbwi ya alfajiri. Lakini bara nako kuna windo lake, na sisi watu wa mwambao tumelishiriki zaidi ya tunavyokumbuka. Tangu zama za misafara ya miguu hadi zama za magari, wageni waliokwenda kuwinda bara walichukua watu wetu: wapagazi, wapishi, wabeba bunduki, na mtu mmoja ambaye vitabu vya wageni hao humtaja kwa kupita tu. Naye ni mchinjaji.

Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa mmoja wa wachinjaji hao. Sisi ni watu wa Kipini, pale mto Tana unapoingia baharini. Nilikuwa mtoto mdogo wa chuoni, Juzuu Amma sijaimaliza, ami aliporejea nyumbani mwaka 1977 na sanduku la bati, blanketi moja na kisu. Mwezi wa Mei mwaka huo serikali ya Kenya ilikuwa imepiga marufuku uwindaji, na kambi alimofanyia kazi, katika nyika ya Meru, ikafungwa. Tangu siku hiyo ami akawa mvuvi. Nyama hakuila tena, hata ya mbuzi wa Idi. Tulidhani ni maradhi ya tumbo.

Kazi ya mchinjaji wa kambi ilikuwa hivi. Mgeni hupiga risasi. Mnyama aangukapo, mchinjaji hutimua mbio, kisu mkononi, amwahi angali na uhai, amwelekeze kibla, alitaje jina la Mwenyezi Mungu, amchinje. Akiwahi, kambi nzima yala. Akichelewa, nyama ile kwa Waislamu ni mzoga, nao watalala kwa ugali na maharagwe. Basi kila jioni wanaume wazima, wenye njaa na uchovu, walimngoja mtu mmoja aseme neno moja.

Katika Ramadhani yake ya mwisho, baada ya tarawehe, ami aliniita barazani akanikabidhi kile kisu.

"Mwanangu," akasema, "kisu hiki kimenikaa kifuani zaidi ya miaka arubaini. Siku moja mgeni alimpiga pofu karibu na magharibi. Nilikimbia, nikafika, nikamgusa jicho. Halikupepesa. Nikakata, na damu ikatoka polepole, haikuruka. Nilipoinua uso, watu kumi na wanne walikuwa wananitazama, siku ya tano hawajaonja nyama. Nikasema: halali."

Nilitaka kumtuliza. Nikaanza kumweleza kwamba wako wanazuoni wanaoiona risasi kama mshale, na kwamba mtu mwenye shaka husamehewa. Akanizuia kwa mkono.

"Sikukuuliza hukumu. Hukumu naijua kama nilivyosomeshwa, na Mola wangu anijua nilivyokuwa. Nakuagiza safari. Nenda Meru ukatazame kama pofu wangaliko. Tuliwaua wengi, na wengine hata hawakuliwa. Nataka kujua kama tuliwamaliza."

Shawali haikwisha ami akafariki, Mungu amrehemu. Agizo la mzee ni deni, na deni hili nilikaa nalo mpaka mwaka huu nilipofunga safari.

NJIA YA EMBU

Wengi wetu hudhani Meru na Embu ni baridi, migomba na miraa tu. Ni kweli ukiwa juu, karibu na Mlima Kenya. Huko mna chai na kahawa, na mito ya maji baridi kama barafu. Ndani ya mito hiyo yupo samaki aitwaye trauti, ambaye walowezi walianza kumleta Kenya mwaka 1905 ili wapate kuvua kama walivyovua kwao. Mpaka leo wapandao mlima kwa njia ya Chogoria huchukua mishipi yao wakavue katika Ziwa Ellis.

Lakini ukiiacha Embu ukateremka mashariki, migomba yaisha. Upepo wawa wa moto, ardhi yawa nyekundu, na mbuyu wa kwanza wakutokea kando ya njia kama mtu wa nyumbani. Hiyo ndiyo nchi ya Wambeere, na mbele yake ni ya Watharaka, na mbele zaidi ni zile nyanda zilizo chini ya milima ya Nyambene. Wenye magari huita jangwa. Si jangwa la mchanga kama la Arabuni. Ni nyika kavu ya migunga na mawe, lakini mito inayotoka mlimani hupita katikati yake, na kandokando ya mito hiyo imesimama mikoma. Naam, mkoma huuhuu wetu, ambao majani yake twasukia vikapu na majamvi.

Nilipumzika siku moja katika Hifadhi ya Mwea, upande wa Embu, iliyotengwa mwaka 1976 ukingoni mwa bwawa la Kamburu. Ni hifadhi ndogo, lakini mwenye kupenda ndege na viboko hatajuta. Hapo ndipo nilipokutana na mto wetu. Ule Tana unaotujia Kipini umechoka na mwekundu kwa matope, huku juu wamefungwa hatamu mara tano: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Umeme uwakao majumbani mwetu, sehemu yake ni nguvu za maji haya. Na mafuriko ambayo wazee wetu wa delta waliyangoja kwa ajili ya mpunga hayaji tena kwa kawaida yake ya zamani.

Mvuvi mmoja wa hapo, Mmbeere wa makamo, alinionyesha ngege na kambare aliowavua usiku. Akacheka akisema kwamba babu yake hakupata kula samaki maishani, kwa kuwa alimhesabu kuwa ndugu wa nyoka. "Bwawa ndilo lililotufanya wavuvi," akaniambia. Nami nikakumbuka kwamba marufuku ya uwindaji ndiyo iliyomfanya ami kuwa mvuvi. Wote wawili serikali iliwabadilishia riziki, na wote wawili wakaishia majini.

BUNDUKI ZILIPOTAWALA

Kabla sijaingia Meru yafaa msomaji ajue habari ya bunduki katika nchi hizi. Mwezi wa Aprili mwaka 1909, Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Wakaenda bara na msafara wa wapagazi zaidi ya mia mbili, wakafika hadi kaskazini ya Mlima Kenya. Kwa hesabu waliyoiandika wenyewe, baba na mwana waliua wanyama 512. Wengi walipelekwa kuwekwa katika majumba ya makumbusho ya Marekani.

Baada yao wakaja wengine kwa maelfu, nchi ikagawanywa vitalu vya uwindaji, na kila mnyama akawa na bei yake katika leseni. Mwenyeji mwenye upinde, aliyewinda kama alivyowinda babu yake, akaitwa jangili. Mgeni mwenye leseni akaitwa mwindaji. Dhuluma hiyo wazee wa nyikani hawajaisahau, na mtu akizungumza nao juu ya wanyama humrejeshea maneno hayo kwanza.

Hata Bwana Nyama, aliyewekwa na serikali kuwalinda wanyama, kazi yake ilikuwa na bunduki. Mmoja wao, George Adamson wa wilaya za kaskazini, alimpiga risasi simba jike mwaka 1956, kisha akakuta ana watoto watatu. Mmoja wa watoto hao, Elsa, alilelewa na George na mkewe Joy, akarudishwa mwituni katika nchi hii ya Meru, na akafa mwaka 1961. Kaburi lake liko kando ya mto Ura. Kitabu alichokiandika Joy juu yake mwaka 1960 kiliijulisha Meru kwa ulimwengu. Na ardhi ambayo halmashauri ya Wameru wenyewe iliitenga kwa ajili ya wanyama ikawa mbuga ya taifa mwaka 1966, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 870.

Mwaka 1977, kama nilivyotangulia kusema, milango ya uwindaji ilifungwa. Mwaka 1978 ikafungwa na biashara ya ngozi na pembe. Ingekuwa vyema kusema kwamba wanyama wakapumua, lakini haikuwa hivyo. Wenye leseni walipoondoka, wasio na leseni wakaja na bunduki za kivita. Yakadiriwa kwamba ndovu wa Kenya walipungua kutoka zaidi ya laki moja na nusu mapema miaka ya 1970 hadi kama elfu ishirini kufikia mwisho wa miaka ya 1980. Hapa Meru, mwaka 1988, majangili waliwaua vifaru weupe watano waliokuwa wakilindwa usiku na mchana. Joy aliuawa Shaba mwezi wa Januari 1980. George naye aliuawa mwezi wa Agosti 1989 huko Kora, ng'ambo ya pili ya mto Tana. Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, Rais Moi alizitia moto tani 12 za pembe za ndovu mjini Nairobi ili walimwengu waone kwamba Kenya haitaki tena biashara hiyo.

Kwa hivyo, nilipokuwa ndani ya gari nikiteremka kutoka Maua kwenda lango la Murera, nikipita kwenye mashamba ya miraa, sikuwa na hakika ya jibu nitakalompelekea ami.

POFU WA ROJEWERO

Nilifikia Kinna, mji mdogo wa Waborana karibu na mpaka wa mbuga. Mwislamu wa pwani akifika Kinna hapati ugeni. Adhana yasikika, nyama ya mbuzi na ya ngamia ni ya kuchinjwa, chai ni ya maziwa, na wazee hukuuliza habari za watu wako wote kabla hawajakuuliza jina. Baada ya sala ya alfajiri, kijana mmoja wa hapo aijuaye mbuga alinichukua, tukaingia.

Sitamdanganya msomaji kwamba nyika hii ni bustani. Jua lake lauma, na mbung'o huingia garini wakauma kuliko jua. Nyasi ni ndefu, na mnyama huweza kuwa hatua kumi nawe usimwone. Kijana wangu akaniambia: "Mzee, hapa hutafuti kwa macho. Unatulia, nyika ndiyo inakutafuta wewe."

Tukatulia. Akatokea swala twiga amesimama kwa miguu miwili, anakula majani ya juu kama mtu achumaye embe. Wakatokea choroa wenye pembe kama mikuki, na twiga ambao madoa yao yamepangwa kama sakafu ya vigae. Ndani ya uzio wa vifaru tuliona mmoja mweupe na mtoto wake, na nikawakumbuka wale watano wa mwaka 1988. Lakini pofu hawakuonekana. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Nikaanza kutunga moyoni maneno nitakayoyasema juu ya kaburi la ami, nayo hayakuwa mema.

Jua likiwa limebakiza kama urefu wa mkuki, kijana akazima gari karibu na mto Rojewero. Hakusema kitu, akaelekeza kidevu. Walikuwa saba, wanashuka majini mmoja nyuma ya mwingine: wakubwa kama ng'ombe wa kufuga, shingo zimetepeta, mwendo wa taratibu. Dume lilisimama likatutazama. Nalo likapepesa jicho.

Msomaji, mimi ni mtu wa miaka hamsini na zaidi na sioni haya kukiri kwamba nililia. Wakati ulikuwa uleule wa magharibi, na nchi ni ileile. Ami alipofika kwa pofu wake, jicho lilikuwa limetulia. Mimi nilifika jicho likiwa hai, na sikuwa na kisu mkononi wala mtu nyuma yangu mwenye njaa. Nikamhesabia ami mpaka saba kwa sauti. Kijana wangu akadhani naleta uradi, akanyamaza kwa adabu.

Nikiwa chuoni tulifundishwa kwamba aliye katika ihramu amehalalishiwa windo la maji na ameharimishiwa windo la bara, na kwamba Makka na Madina zina mipaka ambayo ndani yake mnyama hafukuzwi. Tulifundishwa pia juu ya hima, yaani malisho yaliyotengwa kwa maslahi ya Waislamu wote, ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, aliiweka huko Naqii. Nilikuwa nimeyahifadhi mambo hayo bila kuyaona. Siku ile niliyaona kwa macho: mahali ambapo mkono wa mwenye nguvu umezuiwa, na mwenye kiu anashuka kunywa. Mbuga haikuletwa na wageni peke yao. Sisi pia tulikuwa na elimu hiyo, ila tuliiacha vitabuni.

MSHIPI KATIKA MTO TANA

Siku ya pili tukaenda kusini hadi mto Tana, upande wa maporomoko yaitwayo kwa jina la Adamson, ambapo maji yanapita katikati ya miamba iliyosuguliwa ikawa laini kama kaure. Windo la bara limefungwa, na sheria ya mwaka 2013 imekataza uwindaji wa anasa na hata ule wa kitoweo. Lakini mwenye kibali anaweza kutupa mshipi. Nikakaa juu ya mwamba, mbali na maji, kwani mamba wa hapo hawana mzaha, nikatupa ndoana.

Kambare nilimpata mmoja, tukamla mchana. Wa pili aliponasa nilimvuta kwa shida, na alipotoka majini kijana wangu aliruka nyuma akipiga kelele: "Nyoka!" Hakuwa nyoka. Alikuwa mkunga, mrefu kama mkono wangu.

Nikamweleza kijana habari ya mkunga wa mitoni. Samaki huyu huzaliwa baharini. Angali mdogo kama sindano huingia mdomo wa mto na kupanda juu, mamia ya kilomita, akaishi miaka mingi katika maji matamu. Akishakomaa hushuka tena hadi baharini akazae huko, kisha hufa. Na mdomo wa mto huu u Kipini, nyumbani kwetu. Yamkini mkunga yule, alipokuwa mdogo, alipita chini ya mtumbwi wa ami.

Samaki hana haja ya kisu, na hapana wa kungojwa aseme halali. Ndiyo maana ami alipokimbia nyika alikimbilia majini, nami nilikuwa sijaielewa maana yake mpaka nilipokaa juu ya mwamba ule. Nikaitoa ndoana taratibu, nikamrejesha mkunga mtoni. Kijana akaniuliza kwa nini. Nikamwambia ana safari ya kwenda kwetu, na mimi nina salamu za kumpa.

KWA ATAKAYE KWENDA

Mwenye kutaka safari hii achague miezi ya kiangazi, baina ya Julai na Septemba, au Januari na Februari, kwani wakati wa masika njia za nyikani huwa matope. Achukue maji ya kutosha, nguo za mikono mirefu kwa ajili ya mbung'o, na asishuke garini pasipo ruhusa. Atakaye kuvua aulize langoni kwanza juu ya kibali. Atakaye bunduki na avuke mpaka aende Tanzania, ambako serikali ingali yatoa leseni za uwindaji wa kitalii. Kenya mlango huo umefungwa, nami nilikwenda kuuliza kama kufungwa kwake kumefaa kitu.

Nilirudi Kipini nikaenda makaburini baada ya sala ya Ijumaa. Nilimsomea ami Fatiha na Yasini, kisha nikampa habari zake kama alivyoagiza. Kile kisu nimekiosha, nimekipaka mafuta, nimekirejesha katika sanduku lake la bati. Na kwa kuwa yeye alipenda mashairi kuliko maelezo, nilimtungia ubeti mmoja palepale:

Bunduki imenyamaza, pofu warudi mtoni,
Jicho linalochunguza, ndilo windo la nyikani,
Kisu nimekituliza, kimelala sandukuni,
Ami, ulilouliza, jibu lake: wamo ndani.